Kivuko cha Reli na Kumbukumbu Zake: Mitambo ya Onyo Katika Miji Midogo ya Marekani

Kivuko cha reli ni mahali ambapo barabara na reli hukatana katika usawa mmoja wa ardhi, bila daraja la juu wala njia ya chini, na Marekani ina vivuko vya namna hiyo zaidi ya 200,000, vya umma na vya binafsi kwa pamoja. Vingi vimo katika miji midogo ya majimbo ya kati kama Illinois, Indiana, Iowa na Kansas, kwa sababu huko mara nyingi reli ndiyo iliyotangulia na mji ukapimwa baadaye kuizunguka stesheni, mitaa yake ikachorwa kupita juu ya reli kana kwamba treni zingebaki chache na za polepole daima. Kwa hiyo mji wenye wakazi elfu mbili au tatu huweza kuwa na vivuko kadhaa, kila kimoja na nguzo zake, taa zake, kengele yake na kibanda chake cha chuma, na kila kimoja kimejengwa na kurekebishwa kwa wakati wake. Mitambo hiyo huonwa na kila mtu na kutazamwa na wachache, na swali la nani anaiandikia kumbukumbu, anaandika nini na kwa ajili ya nani, limejibiwa vipande vipande na watu ambao hawasomani sana.

Wanaoandika ni makundi matatu. Kampuni ya reli, ambayo ndiyo mtunzaji wa mitambo, huchora michoro ya umeme na kuandika matokeo ya vipimo. Serikali, ya shirikisho na ya jimbo, hutunza orodha ya vivuko kwa ajili ya kukadiria hatari na kugawa fedha. Na wapenzi wa reli, ambao hawalipwi na yeyote, hupiga picha, husoma majina ya viwanda yaliyosubiwa kwenye chuma na kulinganisha taa za mji mmoja na za mji wa pili. Kila kundi huandika lile linalolihitaji, wala hakuna lawama katika hilo, lakini mambo mawili mazito huponyoka katikati yao: la kwanza ni mfuatano wa mabadiliko, yaani nini kiliondolewa, lini, na kwa nini, la pili ni kile kiungo ambapo mtambo wa reli hukutana na taa za kuongozea magari za mji. Kuponyoka kwa la kwanza ni hasara kwa historia, na kuponyoka kwa la pili kumewahi kuua watoto wa shule.

Kinachoonekana kwanza kwenye kivuko ni vibao viwili vilivyopishana mfano wa herufi X, alama ambayo hupatikana hata pale pasipo na umeme wowote. Chini yake, kwenye kivuko chenye mitambo, huwa kuna taa mbili nyekundu zilizowekwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikiwa na sahani nyeusi nyuma yake ili mwanga usipotee katika anga, na kofia juu yake ili jua lisiupige uso wa kioo. Taa hizo huwaka kwa kupokezana, na kanuni za Marekani zinataka kila moja iwake na kuzimika kati ya mara 35 na mara 65 kwa dakika. Mwendo huo wa kupokezana haukuchaguliwa kwa sababu ya uzuri wake. Kabla ya mitambo, kivuko chenye magari mengi kilikuwa na mlinzi aliyesimama barabarani na bendera mchana na taa ya mkononi usiku, akiiyumbisha huku na huku. Mwaka 1909 Albert Hunt, mhandisi wa kampuni ya Pacific Electric ya kusini mwa California, alibuni chombo cha kuiga mkono wa mlinzi huyo, sahani yenye taa nyekundu katikati iliyoning'inia na kubembea kwa nguvu ya sumaku-umeme. Mwaka 1913 reli moja ya New Jersey ilijaribu taa mbili zisizosogea, ambazo kwa kuwaka kwa zamu zilimpa dereva picha ileile ya mwanga unaoyumba, bila kipande chochote cha kuchakaa kwa mwendo. Taa zinazopokezana leo katika kila mji wa Marekani ni ukumbusho wa mkono wa mlinzi, ingawa madereva wengi hawana sababu ya kulijua hilo.

Mabadiliko hayo hayakufuata njia moja iliyonyooka. Sahani za kubembea zilidumu miaka mingi upande wa magharibi, na Minneapolis ilikuwa na kampuni ya Griswold, ambayo mitambo yake ilibeba kibao cha kuamuru magari yasimame, kibao kilichokaa ubavu wakati wa kawaida na kugeuka kuwakabili madereva treni ilipokaribia. Mtambo huo ulienea zaidi Minnesota na majimbo ya jirani, kiasi kwamba picha ya nguzo moja ya Griswold humwambia mjuzi jimbo kabla hajasoma maelezo. Hapa ndipo kazi ya wapenzi wa reli inapostahili heshima, maana kwa muda mrefu taarifa za aina hii hazikutafutwa na taasisi yoyote yenye bajeti, na mitambo ilipobadilishwa ile ya zamani ilikwenda kwenye vyuma chakavu, isipokuwa michache iliyookolewa na wakusanyaji au na makumbusho kama Illinois Railway Museum katika mji wa Union.

Kusoma nguzo moja ya kivuko ni kazi ya macho yaliyozoea. Sanduku la chuma lililo kwenye kiungo cha taa mara nyingi hubeba jina au herufi za kiwanda: Union Switch & Signal, iliyoanzishwa na George Westinghouse huko Pittsburgh mwaka 1881; General Railway Signal, iliyoanzishwa Rochester, New York, mwaka 1904; au mojawapo ya kampuni za Chicago, Louisville na Minneapolis zilizokuja baadaye. Kioo chekundu cha taa ya zamani si kioo bapa, kwa kuwa upande wake wa ndani umefinyangwa kwa mistari inayotawanya mwanga, na mfinyango uliozoeleka zaidi huutawanya nyuzi 30 kwa upana na 15 kwenda chini, ili dereva aliyesimama karibu kabisa na nguzo na yule anayekuja kutoka mbali wote wauone. Kipenyo cha kioo nacho husema jambo, kwa sababu vioo vidogo, vya inchi nane na kidogo, ni vya kizazi kilichotangulia vile vya inchi 12. Kengele inaweza kuwa ya chuma yenye nyundo halisi inayogonga, au sanduku la plastiki lenye kipaza sauti kinachoiga mlio wa ile ya kwanza, na masikio hutofautisha mara moja, kwa maana ya kwanza huchelewa na kuharakisha kidogo kadiri ya uzee na baridi ilhali ya pili haibadiliki kamwe. Tangu balbu zenye waya ndani zilipoanza kuachia nafasi taa za LED, rangi yenyewe imebadilika kutoka wekundu wenye joto kidogo kuwa wekundu mkali unaokatika ghafla.

Ushahidi huu wa macho una mtego wake. Kampuni za reli hazitupi kinachofaa, na nguzo mpya ya alumini inaweza kubeba taa za miaka ya 1950 zilizotolewa kwenye kivuko kilichofungwa mji wa tatu kutoka hapo, huku geti lake likiwa limegongwa na lori na kuwekewa mkono mpya wa nyuzi za kioo wiki iliyopita. Anayesema kwamba kivuko fulani ni cha mwaka fulani kwa kuangalia tarehe iliyosubiwa kwenye sanduku moja ametaja umri wa sanduku tu. Kumbukumbu yenye thamani huandika kila kipande peke yake, ikieleza kipande kipi kiko upande gani wa reli, na kutenganisha kilichosomwa kwenye chuma na kilichokisiwa. Picha za barabarani za Google, zilizoanza kupigwa Marekani mwaka 2007 na ambazo tangu 2014 huonyesha pia picha za miaka iliyopita za mahali palepale, zimerahisisha sana kupanga mabadiliko kwa mwaka, ingawa kamera ya gari haikulenga nguzo na huipata kwa bahati, mara nyingi nusu yake ikiwa nyuma ya lori.

Upande usioonekana ndio moyo wa kivuko. Ndani ya kibanda cha chuma kilichosimama hatua chache kutoka barabarani kuna betri, vifaa vya kuzichaji, na ama safu za rilei, yaani swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa nguvu ya sumaku-umeme, ama visanduku vya kielektroniki vilivyochukua nafasi yake. Kibanda hujuaje kwamba treni inakuja? Jibu lilitolewa na William Robinson, aliyepata hataza ya saketi ya reli mwaka 1872. Kipande cha reli hutengwa na vingine kwa kuweka kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kwenye viungio vya miisho yake. Umeme mdogo wa betri hupitishwa katika reli moja, ukaishikilia rilei iliyo mwisho wa pili, na kurudi kwa reli nyingine. Magurudumu ya treni na ekseli zake, ambavyo ni vya chuma, huunganisha reli mbili hizo, umeme hupita njia hiyo ya mkato, rilei hukosa nguvu na kuanguka, na kuanguka kwake ndiko kunakowasha taa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba waya ukikatika, reli ikivunjika au betri ikifa, matokeo ni yaleyale kana kwamba treni imefika. Mtambo unapoharibika, huharibika kwa upande wa usalama, na kanuni za shirikisho zinaamuru kwamba kila saketi inayogusa usalama wa kivuko ifuate msingi huo. Geti nalo kwa kawaida hushikiliwa juu kwa umeme na hushuka kwa uzito wake, hivyo umeme ukikosekana kabisa mkono utalala barabarani wenyewe.

Kasoro ya saketi ya Robinson ilikuwa ya hesabu, na historia yake inaonyesha kwa nini kumbukumbu ya nguzo bila kumbukumbu ya kibanda haitoshi. Sheria inataka onyo la sekunde 20 angalau kabla ya treni kufika. Treni inayokwenda kilomita 97 kwa saa, ambazo ni maili 60, hupita takriban mita 536 katika sekunde hizo, kwa hiyo saketi lazima ianzie umbali huo au zaidi. Treni ya mizigo ikipita hapohapo kwa maili 10 kwa saa, mita 536 zilezile huichukua dakika mbili. Na ikisimama kabla ya kivuko ili kuacha mabehewa kwenye ghala la nafaka, jambo la kila siku katika miji hiyo, taa zitawaka bila kikomo na geti litakaa chini mbele ya barabara tupu. Madereva wa mji hujifunza upesi kwamba taa nyekundu si lazima imaanishe treni, na huanza kulizunguka geti. Katika miaka ya kati ya karne ya 20 kampuni ya Southern Pacific na Taasisi ya Utafiti ya Stanford zilitengeneza kikadiriaji, kifaa kinachopeleka umeme wa mawimbi ndani ya reli na kupima jinsi ukinzani wake unavyopungua treni ikisogea. Kasi ya kupungua huko huupa mtambo kasi ya treni, na hivyo kifaa husubiri mpaka zibaki sekunde zilizowekwa ndipo kiwashe taa, treni iwe ya haraka au ya polepole. Vivuko viwili vinavyofanana nguzo kwa nguzo vinaweza basi kuwa na tabia mbili tofauti kabisa, kimoja kikitumia saketi ya kale na kingine kikadiriaji, na picha haiwezi kueleza lolote kuhusu hilo, ingawa mtu aliyekaa pembeni na saa mkononi anaweza.

Sheria ya shirikisho imefikiria kumbukumbu za ndani ya kibanda kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za utunzaji, zilizoanza kutumika mwaka 1995 chini ya Mamlaka ya Shirikisho ya Reli, zinataka michoro inayohitajika kwa matengenezo na vipimo ikae kwenye kila kivuko chenye mitambo, tena iwe inasomeka na sahihi. Zinataka kila waya uwe na lebo ya kuutambulisha kwenye kila ncha yake. Zinataka mkono wa geti uanze kushuka si chini ya sekunde tatu baada ya taa kuanza kuwaka na uwe umelala sekunde tano angalau kabla treni haijafika. Na zinataka vipimo vya kila mwezi, vya kila robo mwaka na vya kila mwaka vyenye kuandikwa. Fundi anayefungua kibanda usiku wa theluji humkuta mwenzake aliyemtangulia amemwachia ramani, na kama fundi huyo wa kwanza alihamisha waya mmoja bila kuuchora, kanuni imevunjwa hata kama taa zinawaka vizuri. Lakini kanuni hizohizo huruhusu matokeo ya kipimo yatunzwe mpaka kipimo kinachofuata kiandikwe, ilimradi yasikae chini ya mwaka mmoja. Kinachodaiwa ni usahihi wa leo. Mchoro mpya ukiwekwa kibandani, hakuna kifungu kinachomlazimisha mtu kuuhifadhi ule wa zamani, na ndivyo mfuatano wa miaka 70 ya mabadiliko unavyoweza kufutika kihalali, karatasi moja baada ya nyingine. Viwanda vyenyewe, ambavyo vingeweza kuwa na nakala, vimepita mikono mingi: Union Switch & Signal iliingia mikononi mwa Ansaldo ya Italia na kisha Hitachi ya Japani, General Railway Signal iliishia Alstom ya Ufaransa, na kampuni nyingine ya mitambo hiyo, Safetran, ikawa ya Siemens ya Ujerumani mwaka 2013.

Orodha ya Taifa ya Vivuko ilizaliwa katika miaka ya 1970, wakati migongano ilipokuwa imefikia takriban 12,000 kwa mwaka, ikilinganishwa na takriban 2,000 kwa miaka ya karibuni. Kila kivuko kilipewa namba yake, tarakimu sita na herufi moja inayosaidia kugundua kosa la kunakili, na namba hiyo hubandikwa kwenye nguzo. Tangu kanuni ya mwaka 2012 imo pia katika kibao cha bluu chenye namba ya simu ya kampuni ya reli, ili raia anayeona geti limekwama au gari limezimika juu ya reli aweze kuripoti mahali hasa. Sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 ilianzisha fedha za shirikisho za kuboresha vivuko, na kwa kuwa fedha hugawanywa kwa kukadiria hatari, orodha ikawa chombo cha kugawa fedha. Fomu yake huuliza mambo ya maana: idadi ya taa na mageti, aina ya mtambo wa kugundua treni, na kama kivuko kimeunganishwa na taa za barabarani. Hata hivyo kwa miongo mingi kuijaza kulikuwa kwa hiari, mpaka sheria ya mwaka 2008 na kanuni iliyotolewa mwaka 2015 zilipozilazimisha kampuni za reli kutoa taarifa na kuzihuisha kila baada ya miaka mitatu. Katika kipindi cha hiari, orodha ilikuwa na thamani sawa na bidii ya karani wa jimbo husika. Na hata ikijazwa vizuri, huhesabu vitu kwa makundi. Huandika kwamba kuna taa nne bila kujali kwamba mbili ni za 1948, kwa sababu mgawaji wa fedha hana haja na tarehe hiyo.

Swali la muunganiko wa reli na taa za barabarani lastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndilo lililogeuza suala la nyaraka kuwa suala la uhai. Katika mji mdogo wa Fox River Grove, Illinois, kaskazini-magharibi mwa Chicago, barabara ya Algonquin huvuka reli na papo hapo kukutana na barabara kuu namba 14 inayokwenda sambamba na reli hiyo. Barabara kuu ilipanuliwa, na upanuzi ukapunguza nafasi iliyokuwapo kati ya reli na mstari wa kusimama magari. Taa za barabarani zilikuwa zimeunganishwa na kivuko kwa namna ambayo kivuko, kikiiona treni, huziomba ziyape kijani magari yaliyo upande wa reli ili yaondoke. Mpango huo huitwa kupisha, nao ni mzuri ukiwa na muda wa kutosha. Asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 1995 basi la shule lilisimama kwenye taa nyekundu likiwa limevuka reli, lakini sehemu ya nyuma ilibaki katika njia ya treni ya abiria ya shirika la Metra iliyokuwa ikielekea Chicago bila kusimama mjini hapo. Kijani kilikuja kikiwa kimechelewa mno. Wanafunzi saba walifariki.

Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri haukukuta taa za kivuko zikiwa zimekufa wala geti likiwa limekwama. Mtambo wa reli ulitoa onyo ulilotakiwa kutoa. Tatizo lilikuwa kwamba taa za barabarani, kabla ya kubadilika, zilipaswa kwanza kumaliza zamu nyingine, ikiwamo ile ya watembea kwa miguu, na muda uliobaki haukutosha kuliondoa gari lililosimama pale. Kila upande ulijua muda wake, na hapakuwa na mahali ambapo nyakati zote mbili zilikuwa zimeandikwa pamoja kwa namna ambayo mhandisi wa upande wowote angeona kwamba hazilingani. Mchoro wa umeme wa kampuni ya reli uliishia kwenye jozi ya nyaya zinazotoka kibandani, na mchoro wa idara ya barabara ulianzia kwenye nyaya hizohizo ukiwa upande wa pili. Kikosi kazi kilichoundwa na Wizara ya Uchukuzi kilitoa ripoti mwaka 1996, na tangu hapo mapendekezo kuhusu vivuko vilivyounganishwa yamesisitiza ukaguzi wa pamoja, pande mbili zikisimama mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba ilibidi liandikwe, lakini wahandisi hao walikuwa wameajiriwa na taasisi tofauti, wakilipwa na mifuko tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekiuka mchoro wake.

Mahakama nazo zimeongeza uzito wake katika suala la kumbukumbu, kwa njia ambayo huwafanya wanasheria wazisome nyaraka za vivuko kwa jicho la tahadhari. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotokana na ajali ya kivuko cha mtaa wa Cook mjini Cartersville, Georgia, ambako mageti yalikuwa yamepangwa lakini hayakujengwa, ingawa saketi za kugundua mwendo wa treni ziliwekwa. Hoja mojawapo ilikuwa ni nini hasa kilinunuliwa kwa fedha za shirikisho. Mwaka 2000, katika kesi ya kivuko kimoja cha Tennessee, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba vifaa vya onyo vikiwekwa kwa fedha za shirikisho na kufanya kazi, mdai hawezi tena kutumia sheria ya jimbo kudai kwamba vilikuwa haba. Karatasi inayoonyesha nani alilipia vibao viwili vya X ikawa basi na uwezo wa kumaliza kesi ya kifo. Kuna pia kifungu cha sheria ya shirikisho kinachozuia taarifa zilizokusanywa kwa ajili ya mpango wa kuboresha vivuko na barabara hatari zisitumike kama ushahidi katika madai ya fidia, na mwaka 2003 mahakama ilikithibitisha. Hoja ya wabunge ilieleweka: jimbo lisiogope kuandika kwamba kivuko fulani ni hatari kwa kuhofia kushtakiwa kwa maandishi yake lenyewe. Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu zilizo kamili kuliko zote ndizo zisizofika mahakamani, na mwenye kutaka kuonyesha hali ya kivuko siku ya ajali hulazimika kutafuta vyanzo vingine. Picha ya mpenzi wa reli, yenye tarehe na upande wa dira, ambayo mwenyewe aliipiga kwa sababu aliipenda kengele, inaweza kuwa miongoni mwa vyanzo hivyo.

Vivuko visivyo na mitambo yoyote havipaswi kuachwa nje ya hesabu hii. Karibu na mji wa Mendon, Missouri, tarehe 27 Juni 2022, treni ya Amtrak iligonga lori la kubeba mawe kwenye kivuko kisicho na taa wala geti, na watu wanne walikufa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye mwinuko mkali wa barabara na pembe ambayo barabara ilikatana na reli, mambo yaliyopunguza uwezo wa dereva wa kuona treni inayokuja. Kivuko hicho kilifungwa baadaye. Hapo kifaa cha kuandikwa kilikuwa ardhi yenyewe, na fomu yenye safu za taa na kengele ingejazwa sifuri tupu bila kueleza hatari.

Kwa upande wa utekelezaji, mipaka ya kila kundi iko wazi. Ardhi ya pembeni mwa reli ni mali ya kampuni, na mpenzi wa reli anayeingia humo kupiga picha ya lebo iliyo mlangoni mwa kibanda huwa amevunja sheria na kujihatarisha. Kazi nzuri imefanywa kutoka kando ya barabara, kwa lenzi ndefu na subira. Kibandani haingii, na haina maana kwa kampuni kumfungulia, kwa sababu michoro ya ndani ikienea huwasaidia waharibifu kuliko wanahistoria. Namba ya kivuko, hata hivyo, ipo nguzoni kwa kila mtu, na ndiyo ufunguo rahisi wa kuzifunga pamoja kumbukumbu za makundi yote matatu: picha iliyoandikwa namba hiyo inaweza kuwekwa mbele ya rekodi ya orodha ya taifa ya mwaka uleule, na tofauti kati yao, taa zilizohesabiwa nne na kuonekana nane, geti lililoandikwa na lisiloonekana, huonyesha ama kosa la karani ama badiliko ambalo halikuripotiwa. Wapenzi wengi wa reli bado huandika jina la mtaa tu, na mitaa ya miji midogo ya Marekani inayoitwa Main au Depot haina idadi.

Kinachobaki nje ya uwezo wa namba hiyo ni nyakati. Sekunde zilizowekwa ndani ya kikadiriaji, sekunde ambazo taa za barabarani huhitaji ili kumaliza zamu zake, na urefu wa gari kubwa linaloweza kusimama kati ya reli na mstari, ni tarakimu tatu zinazotoshea kwenye karatasi moja, nazo hubadilika kila barabara inapopanuliwa au kasi ya treni inapopandishwa. Kanuni ya kuweka michoro kibandani tayari ina nafasi ya karatasi hiyo, na idara ya barabara ina kabati lake la vyuma kwenye kona ya pili ya makutano, lenye mlango wa ukubwa wa kutosha kubandika nakala.